Mafua ya Espe

Mwezi uliopita nilirudi kutoka kazini nikakuta nyumba yangu inanuka majani ya mikaratusi. Harufu ilinipokea getini kabla sijaingia ndani. Mume wangu alikuwa amemkalisha mtoto wetu wa miaka saba kwenye kigoda, kamfunika blanketi toka kichwani hadi magotini, na chini ya blanketi kulikuwa na beseni la maji ya moto yenye majani. Mtoto ana mafua ya wiki mbili, baba yake anamfukiza. Hakuna ubaya hapo. Nusu ya watu wa Bujumbura wamelelewa hivyo, na mimi mwenyewe nimelelewa hivyo. Lakini nililivuta lile blanketi, nikabeba beseni, nikaenda kumwaga maji yote uani, na mkono ukaungua kidogo wala sikujali. Mume wangu akauliza nimepatwa na nini. Nikamwambia avae viatu, tunampeleka mtoto hospitali sasa hivi. Akasema ni mafua tu haya, mama watoto. Nikamjibu maneno ambayo sitayaandika hapa.

Njiani mume wangu alimpakata mtoto. Anajua nilikuwa na dada aliyefariki akiwa mdogo, na anajua alifariki kwa sababu alikatwa kilimi. Ndivyo nilivyomwambia wakati wa uchumba, ndivyo ninavyowaambia watu wote, ndivyo wanavyosema kwetu mpaka leo. Ni kweli nusu. Ile nusu nyingine ni yangu, na nimekaa nayo miaka yote hii nimefunga mdomo.

Dada yangu aliitwa Espérance, sisi tukimwita Espe. Alinizidi miaka minne. Tuliishi Ngagara, kwenye zile nyumba za zamani zilizopangwa mistari, na nyumbani tulisema Kiswahili kwa sababu Papa na Mama wote walitokea Uvira. Papa alikuwa anafanya kazi bandarini, anasimamia watu wanaoshusha saruji na chumvi kutoka kwenye meli. Mama alikuwa fundi cherehani. Mashine yake ilikaa barazani, na toka asubuhi mpaka jioni ulikuwa unausikia mguu wake kwenye pedali, anashona yunifomu za shule. Mimi na Espe tulilala kitanda kimoja, yeye upande wa ukuta, mimi upande wa kuanguka. Nilimpenda na nilimuonea wivu, vyote kwa pamoja, kwa sababu alikuwa na sauti. Kwenye korali ya watoto parokiani walikuwa wamempa wimbo wa kuimba peke yake siku ya Noeli, na mimi hata kwenye safu ya nyuma walinitoa.

Mafua yalitushika wote mwisho wa kiangazi, wakati vumbi limejaa mpaka kwenye sahani. Mimi nilikohoa wiki moja yakaisha. Mama vilevile. Ya Espe hayakuisha. Mvua zikaja, vumbi likatulia, yeye bado anavuta kamasi. Kwanza zilikuwa maji, halafu zikawa nzito, njano, halafu kijani, na zilikuwa zinatoka zaidi tundu la kushoto. Darasani wakaanza kumcheka. Akawa anatembea na kitambaa alichokikata kwenye masalio ya khaki ya Mama, na kikichafuka anakifua mwenyewe nyuma ya nyumba ili mtu asikione.

Halafu ikaja harufu. Naikumbuka kuliko sura yake, na hilo linanikera. Nilikuwa nalala nimemgeukia, nasikia kitu kimeoza karibu na mto. Nikadhani panya amefia chini ya godoro. Asubuhi moja Espe akiwa anaoga niliinua godoro lote, nikatafuta kwenye chaga, nikatafuta nyuma ya kabati, nikapata tu penseli na soksi. Jioni nikamwambia kuna kitu kimekufa chumbani. Akaniuliza kiko wapi. Nikanusa, nikanusa, nikaifuata ile harufu mpaka nikafika usoni kwake. Aligeukia ukutani. Toka siku hiyo alilala na kitambaa puani, na mimi mjinga nikaanza kuwaza labda amefanya dhambi kubwa ambayo Mungu ameamua kuionyesha kwa njia hiyo.

Kulikuwa na mambo mengine ambayo sote tuliyaona na hatukuyaunganisha. Akiinama kufagia, na mnajua fagio zetu ni fupi, alikuwa anasimama ghafla na kushika paji la uso. Anasema kichwa kinataka kumwagika mbele. Mama akaona ni uvivu wa msichana anayekua, na ufagio ukahamia kwangu, nikakasirika. Akilala chali alikohoa mpaka anakaa. Mchana hakohoi, akilala tu anaanza. Mama alimfukiza kila jioni kwa majani ya mikaratusi, na akitoka kwenye blanketi uso unang'aa jasho, anapumua vizuri kwa muda wa kula chakula, kisha pua inaziba tena.

Papa akasema apelekwe dispansari. Wakampa vidonge vya kumeza siku kumi. Siku ya nne kamasi zikapungua, kichwa kikatulia, Espe akaimba akiosha vyombo. Mama akachukua vidonge vilivyobaki, akaviweka kwenye kopo la maziwa ya unga juu ya kabati, vitafaa mtu akiugua tena. Msimcheke. Fungueni makabati yenu muone. Baada ya wiki kamasi zikarudi, na safari hii zilikuwa na hasira.

Basi ndipo Mama mukubwa akaja. Huyu ni dada yake Mama, alikuwa anaishi Ruziba, kule kusini kando ya ziwa, na akija kwetu alikuja na samaki na maneno. Alimsikia Espe anakohoa, akamuita barazani kwenye mwanga, akamwambia apanue mdomo. Akachungulia muda mrefu kama mtu anayetafuta sindano.

"Kimeshuka," alimwambia Mama. "Angalia mwenyewe. Kilimi kiko kinagusa ulimi. Ndio maana mutoto anakohoa akilala."

"Baba yake ataki mambo ya kukata," Mama akasema.

"Baba yake analala na mutoto? We ndiyo unasikia kikohozi. Mi wa kwangu wote nimewapeleka kwa ule muzee, na uliza kama kuna mumoja anakohoa."

Wale wasiojua: kilimi ni ile nyama ndogo inayoning'inia nyuma kabisa kooni. Kila mtu anayo. Lakini mimi niliyekuwa nasikiliza nyuma ya mlango sikujua hivyo. Nilielewa kwamba kilimi ni kitu kinachoota kwa mgonjwa, aina ya mdudu, na kikishuka kinaziba pumzi. Nikaenda chumbani, nikachukua kioo cha Mama, nikapanua mdomo wangu mbele ya dirisha. Nikakiona. Kilikuwa kimening'inia pale, chekundu, kinatikisika nikipumua. Nilifunga mdomo haraka, nikakirudisha kioo, na sikumwambia mtu. Niliamua kwamba nitakuwa sikohoi kabisa.

Tulikwenda Ruziba Jumamosi, Papa akiwa kazini bandarini. Mama hakumwambia. Mimi nilichukuliwa kwa sababu hakukuwa na wa kuniachia. Yule mzee alikuwa na nyumba ya matofali yenye ua msafi, na kwenye ua walikaa akina mama wengine wawili na watoto wao wadogo, wanangoja zamu kama mnavyongoja kwa kinyozi. Hakuwa mtu wa kutisha. Alikuwa mpole, alinawa mikono, akamuuliza Espe anasoma darasa la ngapi. Chombo chake kilikuwa chuma chembamba kilichopindwa mbele kama mundu mdogo, na alikichovya kwenye maji ya moto mbele yetu ili tuone.

Mama aliketi kwenye mkeka, akamlaza Espe, akambana kichwa kwa magoti yake mawili. Mama mukubwa akashika miguu. Mimi niliambiwa nikae mlangoni niangalie nje, na kwa dakika moja niliangalia nje. Halafu nikasikia sauti ambayo haikuwa kilio, maana huwezi kulia ukiwa umeshikwa ulimi kwa kitambaa. Nikageuka. Nikaona macho ya Espe. Hakuwa anamtazama yule mzee. Alikuwa anatazama juu, anamtazama Mama, kwa namna ambayo sikuwahi kumuona anamtazama.

Ikaisha upesi. Mzee alikiweka kile kipande kwenye jani la mgomba akatuonyesha. Kilikuwa kidogo kama ncha ya kidole changu cha mwisho. "Hiki ndiyo kilikuwa kinamusumbua," alisema, na Mama akashukuru. Mimi nilikiangalia nikangoja kitembee. Hakikutembea. Nikajiambia basi, mdudu amekufa, leo tutalala bila harufu.

Kwenye basi la kurudi Espe alitema damu kwenye kitambaa cha khaki mpaka kikaloa. Siku tatu alikunywa uji baridi tu. Akinywa maji, mengine yalirudi kupitia puani. Na alipoanza kusema, sauti ilikuwa imehama, inapitia puani, maneno yamelegea. Papa aliposikia akauliza, Mama akamwambia. Walifunga mlango wakagombana kwa sauti ya chini, na kugombana kwa sauti ya chini kwetu kulikuwa kubaya zaidi. Wimbo wa Noeli wakampa mtoto mwingine. Espe hakulia. Alisema hataki tena korali, kule kuna vumbi.

Kikohozi kilipungua kwa muda, Mama akapata nguvu ya kutembea kichwa juu. Harufu haikwenda popote. Mimi niliyelala naye nilijua. Kisha kichwa kikaanza upya, sasa juu ya jicho la kushoto, mahali pamoja, na ukipagusa anaruka. Alinishika mkono chumbani, akaukaza mpaka kucha zikaingia.

"Ukisema, watanirudisha Ruziba," akaniambia. "Yule muzee atakata yenye ilibaki. Na we pia watakukata. We iko nayo, nimeiona ukilala mudomo wazi."

Sikuwa mjinga tu, nilikuwa mwoga. Ningeweza kustahimili Espe akikatwa mara ya pili, Mungu anisamehe, lakini si mimi. Nikamwambia sitasema.

Siku chache baadaye, Alhamisi, aliamka na kope la kushoto limevimba. Jekundu, zito, jicho limebaki mstari. Tulikuwa tunavaa yunifomu. Alijiangalia kwenye kioo, akanigeukia, akasema, "Nyuki." Nikaelewa mara moja. Tulitoka barazani pamoja. Mama alikuwa ameshaanza kushona, shule zilikuwa zinamdai nguo.

"Iyo jicho iko na nini?" aliuliza bila kusimamisha mguu.

"Nyuki," Espe akasema.

"Mi nilimuona, Mama," nikaongeza. Hakuna aliyeniuliza. "Alitoka kwa maua ya muparachichi ya jirani. Nimemuua na kandambili."

Mama akasimamisha pedali, akakata kitunguu, akamsugua Espe kwenye kope, akamwambia abaki nyumbani siku hiyo. Nilikwenda shule najiona shujaa. Ile kandambili ilikuwa chumvi niliyoitia mimi mwenyewe, na njia nzima nilikuwa naifurahia. Kuna siku nakaa kwenye foleni au napika, na ule ufundi wangu wa kusema uongo unanirudia mwili mzima, natamani kumshika yule mtoto wa miaka minane nimtikise.

Ijumaa jicho lilifunga kabisa. Si kope tu, jicho lenyewe lilikuwa linasukumwa mbele, na Espe alisema kwa sauti ile ya puani kwamba akilifungua kwa kidole anaona taa mbili badala ya moja. Alikuwa wa moto. Mama alisema sumu ya nyuki inatembea, ataweka kitunguu kingine. Lakini hakuridhika. Aliniita peke yangu uani, akachuchumaa ili macho yetu yawe sawa, jambo ambalo hakulifanya mara nyingi.

"Niambie ukweli. Ni nyuki kweli?"

Nilikuwa na nafasi hiyo. Mama alinipa mkononi. Niliangalia mdomo wake, nikawaza ule mkeka, yale magoti mawili.

"Ni nyuki, Mama. Naapa."

Akashusha pumzi. Akanipapasa kichwa, akarudi kwenye mashine. Papa alikuwa na zamu mbili mfululizo kwa sababu meli imeingia; alirudi Espe amelala, akatoka Espe bado amelala.

Jumamosi asubuhi alitapika kitandani. Aliongea na mtu asiyekuwepo, kwa Kirundi cha shuleni, anahesabu. Halafu mkono mmoja ukaanza kutetemeka peke yake. Mama alipiga kelele ambayo majirani wote waliisikia, na jirani mwenye gari akawapeleka hospitali, Papa akaitwa kutoka bandarini. Mimi niliachwa kwa jirani, na watu wakaniambia niombe. Niliomba. Nilimwambia Mungu kwamba nitakubali kukatwa. Espe alifariki Jumapili kabla ya misa ya pili.

Hospitali dokta alimueleza Papa kwa Kifaransa. Papa alielewa Kifaransa, Mama kidogo tu. Dokta alisema usaha ulitoka ndani ya mifupa ya uso, ukapita nyuma ya jicho, ukafika kwenye ubongo. Alisema pia kwamba kule kukata kilimi hakukusaidia kitu. Papa alishika hayo ya mwisho tu. Wakati wa matanga, watu wamejaa kwenye viti vya kukodi, alisimama mbele ya Mama na kusema, "Ulimukata mutoto wangu kama kuku." Hakupaza sauti. Mama mukubwa aliinamisha kichwa. Mama alikubali tu, akatikisa kichwa taratibu kama mtu anayesomewa jina lake.

Nilikuwa nimekaa chini karibu na mguu wake. Hakuna aliyeuliza habari za nyuki. Nyuki alikuwa amesahauliwa na wote, na mimi nikaona njia iko wazi, nikapita. Kama ni kisu kilichomuua, basi si mimi. Nilikuwa mtoto, ndiyo, lakini nilikuwa nimeshajua kupima. Papa hakulala tena chumba kimoja na Mama. Baada ya mwaka alirudi Uvira, akaoa, na tulipopata habari za kifo chake Mama alisali kidogo akaendelea kupindisha ukingo wa nguo. Mashine ile haikuwahi kupumzika. Nilikulia kwenye nyumba ya watu wawili, mmoja anabeba mzigo na mwingine anamuangalia anavyoubeba.

Hospitali na mwanangu, mwezi uliopita, tulipata dokta kijana, mwanamke, mwenye subira. Alimpapasa mtoto mashavuni na juu ya macho, akamuuliza anaumwa wapi, akaangalia puani kwa taa. Akasema ni sinizite, na bado ni nyepesi. Nikamwambia anieleze, taratibu, kama mtu asiyesoma. Akachukua karatasi, akachora uso. Ndani ya mifupa, alisema, kuna vyumba vitupu: viwili mashavuni, vingine katikati ya macho, na mtoto akikua vinaumbika vingine juu ya nyusi. Kila chumba kina mlango mdogo unaotoka puani, na kazi yake ni kutoa uchafu. Mafua yakija, nyama za ndani zinavimba, mlango unaziba, ute unabaki ndani na vijidudu vinapata makao. Ndio ule mzito wa kijani. Ndio ile harufu. Ukiinama, shinikizo linakwenda mbele, kichwa kinauma. Ukilala chali, uchafu unachuruzika nyuma kooni, unakohoa.

"Kwa hiyo kikohozi kinatoka puani," nikasema.

"Mara nyingi, ndiyo. Watu wanafikiri ni koo. Wengine bado wanakata kilimi, na kilimi hakina kosa lolote." Akamwandikia mtoto dawa, akanitazama machoni kusisitiza. "Umalizie zote, hata akipona. Kufukiza hakutibu, na maji ya moto yanaunguza watoto. Na jicho likivimba tu, hata kidogo, unamleta saa hiyohiyo. Usingoje kesho. Kati ya chumba na jicho kuna kifupa chembamba sana."

"Nikingoja siku mbili?"

Mume wangu akaniangalia. Dokta hakujua anachoulizwa, akajibu kama anavyojibu watu. "Siku mbili ni nyingi, mama. Siku ya kwanza tunaweka dawa kwenye mshipa, na watoto wengi wanapona. Siku ya tatu ni jambo jingine."

Mwanangu amepona. Anacheza mpira uani wakati naandika hivi. Lakini ile karatasi yenye uso uliochorwa niliiomba, na kwa wiki nzima nilikuwa naitoa kwenye mkoba na kuirudisha. Jumapili nikapanda gari kwenda Ngagara.

Mama bado anaishi kwenye nyumba ileile. Macho hayamruhusu tena kushona, alikuwa barazani anachambua maharage kwenye ungo. Nilimsalimu, nikamsaidia kutoa mawe, tukaongea habari za mjukuu wake. Kisha nikasema, "Mama, akukuwa na nyuki."

"Nyuki gani?"

Sikuwa nimejiandaa kwa hilo. Miaka yote, na alikuwa amemsahau. Ikabidi nianze mwanzo, yale maumivu ambayo Espe alinikataza kuyasema, kope, kitunguu, kandambili, pale uani alipochuchumaa. Nilisema yote isipokuwa Ruziba, bila kupumzika, pamoja na yale ya dokta, vyumba na milango na kile kifupa chembamba. Mikono yake ilisimama juu ya ungo.

"Nilikuuliza," alisema. "Siku ya pili nilikuuliza."

"Ndiyo, Mama."

"Ukaapa."

"Ndiyo."

"Siku mbili."

"Mbili."

Nilingoja anitukane, na nilikuwa nataka anitukane, nilikuwa nimekuja kwa ajili hiyo. Majirani walipita wakasalimu, akawaitikia vizuri tu. Kisha akaniuliza, kwa sauti ya mtu anayetaka kujua kweli:

"Kwa nini akuniambia mi? Nilikuwa pale. Nilikuwa kwa mashine siku nzima. Kwa nini alikuambia we?"

Jibu nilikuwa nalo. Nilikuwa nimelibeba toka Jumamosi ile ya Ruziba, kwenye mkeka. Nikamtazama, amezeeka, mikono yake imejaa makovu madogo ya sindano, na nikasema, "Sijui, Mama."

"Unajua."

"Sijui."

Aliusogeza ungo pembeni, akageuka akaniangalia sawasawa.

"Kumbe na we uko unaniogopa," alisema, "mpaka leo."

Nikafungua mdomo nimkatalie. Mimi ni mwanamke mzima, nina nyumba yangu na mtoto wangu, na sikuweza kumwambia apana.